Solfa Ubaoni: Muziki wa Shule za Msingi za Kanisa Dar es Salaam

Sauti ya Wimbo wa Taifa, huu unaoimbwa mstarini kila asubuhi kuanzia Mbagala hadi Bunju, ilitungwa na mwalimu wa shule ya kanisa. Enoch Sontonga alikuwa akifundisha shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, na kwaya ya shule ilikuwa mikononi mwake, alipoutunga mwaka 1897. Zaidi ya karne moja baadaye, katika shule nyingi za Dar es Salaam wimbo huo bado unaanzishwa kwa mdomo mtupu. Mwalimu wa zamu anasafisha koo, anatoa neno la kwanza, watoto wanadaka. Akiwa mwanamume mwenye sauti nzito, wadogo wa darasa la kwanza na la pili wanajikuta chini kabisa, wananguruma. Wimbo ukifika kwenye kiitikio wameshaanza kupanda wenyewe, kila mstari na njia yake.

Ungetegemea shule iliyoanzishwa na kanisa iwe na dawa ya tatizo hili, kwa sababu dawa hiyo, solfa, yaani kuandika sauti za do, re, mi kwa herufi, iliingia nchini kwa mkono wa kanisa. Chache bado zinayo. Nyingi zimeipoteza, zikanunua kinanda.

Walutheri wa Kijerumani wa chama kilichojulikana kama Berlin III walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia wakaja mwaka uliofuata na kuanzia Pugu. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo chao kikashambuliwa. Wanafunzi wa mwanzo wa misheni hizi kwa sehemu kubwa hawakuwa watoto wa mjini. Walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wa makabila mbalimbali. Wenyeji, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, hawakuwa na haraka ya kupeleka watoto huko. Kwa muziki jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana: darasa halikuwa na ngoma moja, wala nyimbo za nyumbani zinazofanana. Kilichowaunganisha watoto wale ni Kiswahili na wimbo wa ibada. Mwalimu alikuwa katekista, katekista alikuwa mwanzilishi wa nyimbo, na mara nyingi banda lililokuwa kanisa Jumapili ndilo lililokuwa shule Jumatatu. Majengo makubwa ambayo wageni wanayapiga picha leo pale baharini, Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph lililojengwa kati ya 1897 na 1902, na Azania Front la Walutheri la miaka hiyo hiyo, yalikuta darasa la kuimba limeshaanza.

Waingereza walipoingia mjini Septemba 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na walimu Waafrika ndio walioshika ibada, shule na nyimbo. Tangu 1921 upande wa Katoliki ukawa chini ya Wakapuchini kutoka Uswisi. Waanglikana wa misheni ya UMCA walihamisha Chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, hadi Minaki mwaka 1925. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1927 iliyoweka ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali kukaguliwa. Shule iliyotaka fedha ya serikali ililazimika kuwa na ratiba, rejista na mwalimu mwenye cheti. Kishule cha katekista kikabaki nje, kusoma na kuandika kukawa kwa kubahatisha, lakini kuimba kulibaki kule kule. Vyuo vya ualimu vya misheni vilihesabu uimbaji kuwa sehemu ya kazi ya mwalimu, si kipaji cha pembeni.

Matarumbeta nayo yana historia yake. Shule ya serikali ya Wajerumani kule Tanga ilikuwa na bendi ya shaba, na ngoma ya beni, iliyoenea miji ya pwani hadi Dar es Salaam, iliiga bendi za namna hiyo, za jeshi na za shule. Walutheri walikuja na desturi ya Kijerumani ya kupiga tarumbeta kwenye ibada, na hadi leo ukisikia kundi la tarumbeta likitangulia maandamano ya Kipaimara, unasikia kitu kilichovuka bahari pamoja na ubao na chaki.

Tuje kwenye solfa yenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Mfumo huu ni wa Kiingereza: Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ndiye aliyeanza, na mchungaji John Curwen akaurekebisha kuanzia miaka ya 1840 na kuusambaza kupitia shule za Jumapili na misheni. Faida yake kwa shule ya msingi ni kwamba unahitaji herufi tu, na herufi ziko katika kila taipureta, kila ubao na kila daftari la kaunta. Hakuna mistari mitano ya kuchora, na ufunguo ukibadilika herufi zinabaki zile zile.

Ubaoni unaandika ufunguo juu kushoto, yaani do inakaa kwenye sauti ipi ya kinanda, kwa mfano Do ni F, kisha mwendo, kisha mstari wa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Kistari wima kinafungua kipimo, yaani fungu la mapigo, na nukta mbili zinatenganisha pigo na pigo. Mstari mwepesi wa mapigo mawili kwa kila kipimo unakuwa hivi:

| d :m | s :m | r .m :f .r | d :— |

Nukta moja katikati ya pigo inaligawa mara mbili, kama pale kwenye r .m. Kistari cha kulala kinasema endelea kushika sauti. Pengo tupu baada ya nukta mbili ni kunyamaza. Mkato mdogo chini ya herufi unaishusha oktavo moja, yaani hadi sauti ya jina lile lile iliyo chini yake, kwa hiyo s, ni so ya chini. Alama hiyo hiyo ikiwa juu inaipandisha, na d' ni do ya juu. Sauti iliyopandishwa nusu inabadilika irabu: fa inakuwa fe. Ti iliyoshushwa inakuwa ta. Kwa watoto wa msingi fe na ta zinatosha kabisa. Ukikutana na wimbo wenye zaidi ya hizo, waachie kwaya ya wakubwa.

Makosa ya ubaoni yanajulikana. Chaki kavu inaacha nukta mbili zinazofanana na nukta moja, na wimbo wa mapigo matatu unageuka kitu kisichoeleweka. Mkato wa oktavo ya chini unasahaulika, na watoto waliokuwa wanashuka kutoka do kwenda ti ya chini wanaruka juu karibu oktavo nzima. Mwalimu aliyezoea wimbo hagundui, kwa sababu masikio yake yanasahihisha anachokiona. Anayegundua ni mwalimu mgeni, au mtoto mmoja mbishi wa mstari wa mbele ambaye anaimba kilichoandikwa. Mtoto huyo asikaripiwe.

Kuanza, usianze na ngazi nzima. Ngazi nzima ya do hadi do inaimbwa kwa mazoea, watoto wanaikariri kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha, halafu ukiwauliza la peke yake hawaijui. Anza na d, m, s, kwa wiki mbili au tatu, ukizichanganya kila namna: d s m, s d m, m s d'. Ongeza r, kisha l. Fa na ti ziwe za mwisho, kwa sababu zina nusu-sauti pembeni yake na ndizo zinazoteleza. Dakika 10 za mwanzo wa kipindi zinatosha. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, cha kuanzia la tatu ni 40, na ukikimaliza chote kwa solfa watoto wataichukia.

Mikono isaidie. Do ni ngumi usawa wa kiuno. Re ni kiganja kilichoinama kuelekea juu. Mi ni kiganja kimelala, kinatazama chini. Fa ni dole gumba limeelekea chini, so ni kiganja kinachotazama kifua, la ni mkono unaoning'inia kutoka kwenye kifundo, ti ni kidole cha shahada kinachoelekea juu, na do ya juu ni ngumi tena, usawa wa kichwa. Mkono lazima upande na kushuka pamoja na sauti. Walimu wengi wanaotumia ishara hizi wanazifanya zote usawa wa kifua, hivyo mtoto anaona maumbo tu, haoni urefu wa hatua. Ukiwa na watoto 80 darasani na ubao mmoja, ishara za mkono zina kazi kubwa kuliko chaki, kwa sababu huhitaji kuwapa mgongo.

Sasa ile do inatoka wapi? Hapa ndipo mstari wa asubuhi unapoharibika. Kifaa cha bei ndogo ni uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili kinachotoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Simu yoyote yenye programu ya kutoa sauti hiyo inafanya kazi ile ile. Kutoka kwenye A unatafuta do kwa kuhesabu. Kama do ni D, basi A ni so: imba s m d. Kama do ni F, A ni mi: imba m r d. Kama do ni G, A ni re: r d. Kama do ni C, A ni la, na unashuka l s f m r d. Do ikiwa E, A ni fa. Do ikiwa B-flat, ufunguo ambao Sontonga aliutungia wimbo wake, A ni ti, na unapanda hatua moja tu, t d. Jedwali hili likiandikwa kwenye karatasi ngumu na kubandikwa ofisini karibu na kengele, mwalimu wa zamu yeyote anaweza kulitumia, hata asiyejua kuimba sana.

Watoto wa darasa la kwanza na la pili wanastarehe kati ya D na A zilizo juu ya C ya kati ya kinanda. La tatu na la nne wanashuka hadi hiyo C na kupanda hadi D ya juu. Kuanzia la tano wanaweza kufika E ya juu, wengine F, na chini hadi B-flat. Kwa hiyo nyimbo nyingi za watoto zinakaa vizuri do ikiwa D, E-flat au F. Mwalimu mwanamume anapotoa sauti oktavo moja chini, watoto wadogo wanaiga alichokitoa badala ya kupandisha oktavo yao. Dawa si yeye kujikamua. Achague mtoto mmoja mwenye sauti safi, ampe do sikioni, na huyo ndiye aanzishe. Shule yenye waanzilishi wanne au watano waliozoezwa hivyo haitegemei mwalimu mmoja anayeweza kuhamishwa Januari.

Kwa sababu hiyo, kilichotokea baada ya 1969 kiliuumiza muziki kuliko watu wanavyosema. Sheria ya Elimu ya mwaka huo iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya serikali. Mtakatifu Fransisko ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955, ikabaki na jina la Pugu tu. Mtakatifu Andrea ikabaki Minaki. Shule ya masista pale Mtakatifu Joseph ikawa Forodhani. Hizo zinakumbukwa kwa sababu waliosoma huko walikuja kuwa wakubwa. Shule za msingi zilibadilika bila makelele: kibao kikaandikwa upya, mwalimu mkuu akaja kwa barua ya serikali, na katikati ya darasa na kanisa ukaota uzio. Sababu za kutaifisha zilikuwa na uzito. Elimu ilikuwa imegawanyika kwa dini, na Waislamu wa pwani ndio walioachwa nyuma. Hata hivyo uzio ulipopita, ulipita katikati ya kwaya.

Upande mmoja, kwaya ya shule ikaimba Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, ikaingia kwenye ngonjera, halaiki na mchakamchaka. Vilikuwa vitu vya nguvu, na vilizoeza watoto mwendo na pumzi kuliko kwaya yoyote ya kusimama. Azimio la Musoma la 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977 vikajaza madarasa, walimu wakaandaliwa kwa haraka, na solfa ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa. Nyimbo zikafundishwa kwa kukariri: mwalimu anaimba mstari, watoto wanarudia. Upande wa pili wa uzio mambo yalikuwa kinyume. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa 1962 hadi 1965, Kiswahili na ngoma viliingia kwenye misa, watunzi wa Kitanzania wakaandika kwa wingi, na karibu nyimbo zao zote ziliandikwa kwa solfa ya sauti nne. Kwa hiyo leo, katika kata moja, unaweza kukuta shule ya msingi yenye watoto elfu moja isiyo na mtu anayesoma nota, na ng'ambo ya ukuta parokia au usharika wenye watu kumi wanaozisoma kwa macho.

Sheria ya Elimu ya 1978 iliporekebishwa mwaka 1995, makanisa yalianza tena kufungua shule za msingi, nyingi za inglish midiam. Hizi zina chumba cha muziki, kinanda, na mwalimu wa muziki wa kulipwa kwa saa. Muziki wenyewe umekuwa ukijificha ndani ya masomo mengine: kwa miaka mingi ulikuwa ndani ya Stadi za Kazi, na mtaala wa 2023 una sanaa na michezo. Walimu wenye mafunzo wapo, kutoka Chuo cha Ualimu Butimba, kutoka TaSUBa, taasisi ya sanaa pale Bagamoyo, na wenye shahada ya muziki kutoka Chuo Kikuu cha Makumira kule Arusha, lakini hawatoshi. Njia ya haraka kwa shule isiyo na uwezo ni kuvuka uzio na kumwomba mwalimu wa kwaya ya parokia dakika 40 mara mbili kwa wiki. Apewe nauli, na apewe chai. Kujitolea kwa mwaka mzima bila nauli kunaisha Aprili, mvua zikikolea.

Kwaya ya watoto 45 inatosha na inabebeka. Weka kama 25 sauti ya kwanza na 20 ya pili. Usianze na sauti mbili zinazoenda sambamba. Anza na wimbo wa kufukuzana, kundi la pili likiingia mapigo manne au manane baadaye, kisha kundi moja lishike do wakati jingine linaimba. Ukifika kwenye sauti mbili kamili, fundisha ya pili kabla watoto hawajaisikia ya kwanza. Wakishaijua ya kwanza, ya pili itavutwa juu kila mara, na hakuna kukaripia kutakakosaidia. Waimbaji wa sauti ya pili wakae mbele, karibu na mwalimu. Wavulana wa darasa la sita na la saba ambao sauti zinavunjika wasiambiwe wanyamaze; waimbe oktavo ya chini pale wanapoweza, na pale wasipoweza washike ngoma.

Mazoezi saa nane mchana chini ya bati la Dar es Salaam ni adhabu. Barazani ni afadhali, watoto wakitazama ukuta, kwa sababu sauti inarudi na kila mtu anajisikia. Chini ya mwembe kunapendeza kwa picha, lakini sauti inapotea na watoto wanaanza kupiga kelele ili wasikike. Na siku kwaya ikienda kuimba ndani ya kanisa lenye matao marefu kama Mtakatifu Joseph, punguza mwendo kidogo na uwafundishe kukata mwisho wa mstari kwa pamoja, la sivyo mwangwi wa mstari wa kwanza unakaa juu ya mstari wa pili.

Shule ya kanisa Dar es Salaam ina watoto Waislamu, na imekuwa hivyo kwa miongo mingi. Inayofanya kazi vizuri inatenganisha mambo mawili: kwaya ya shule, inayoimba nyimbo za taifa, za mazingira, za mahafali na za kitamaduni, na kundi la ibada ambalo mtoto anaingia kwa ridhaa ya mzazi. Watoto wa kasida wana masikio mazuri sana ya mapigo, na dufu likikaribishwa kwenye mahafali ya darasa la saba, hakuna anayepoteza dini yake. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yahamie asubuhi na yapungue. Mtoto aliyefunga hawezi kunywa maji, na koo kavu likilazimishwa linaumia.

Kuhusu nyimbo, kuna jambo moja la kusikiliza kabla ya kuchagua. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi za Kijerumani na Kiingereza zinaanza na pigo jepesi kabla ya pigo zito, na zilipotiliwa maneno yetu, "Baba" akawa "ba-BÁ" na "Yesu" akawa "ye-SÚ". Wazee wamezoea, hawasikii tena. Mtoto anasikia, na ndiyo maana anaimba maneno hayo bila kuyaelewa. Ukiwa na tenzi mbili za kuchagua, chagua ile ambayo mkazo wa neno unaangukia pigo zito. Na ukitunga wimbo wa shule, kaa ndani ya oktavo moja, beti tatu zisizidi, na usimtaje mwalimu mkuu aliyepo wala askofu aliyepo. Wimbo wa shule wenye jina la mtu una maisha mafupi kuliko rangi ya ukuta.

Ngoma za ngozi zinasumbuliwa na unyevu. Masika, Machi hadi Mei, ngozi inalegea na ngoma inatoa sauti ya debe bovu. Ianike juani dakika 15 hadi 20 kabla ya kupiga, ukiigusa mara kwa mara. Ikiachwa juani tangu asubuhi, ngozi inapasuka karibu na vigingi. Moto ni wa dharura, na uwe wa mbali. Usiziweke sakafuni.

Matarumbeta yanahitaji uvumilivu zaidi, na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam haiyahurumii. Mtoto aanze akiwa na meno ya mbele ya utu uzima yaliyokaa, yaani kuanzia darasa la nne au la tano. Asipige mara baada ya soda au maandazi. Sukari inaganda ndani ya mrija. Kila baada ya kupiga, maji yatolewe kwenye tundu lake. Kila mwezi, osha mwili wa chombo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Maji ya moto yanabandua rangi ya juu. Vali zitiwe matone matatu hadi matano ya mafuta yake. Yakikosekana, mafuta ya cherehani ni mazito kidogo lakini yanavumilika. Mafuta ya kupikia hayafai, yanaganda na vali inanata kabisa. Vali zina namba 1, 2 na 3 zilizogongwa kwenye chuma. Ukizirudisha kwa kuchanganya, hewa haipiti hata upulize mpaka macho yatoke, na tarumbeta nyingi "mbovu" zilizolala stoo hazina ugonjwa zaidi ya huo. Mdomo wa tarumbeta ukikwama, usitumie koleo. Gonga taratibu kwa kipande cha mti pembeni ya shina lake, ukizunguka, au mpelekee fundi.

Kinanda, sasa. Cha funguo 61 kinatosha shule ya msingi. Adapta ichomolewe kila baada ya kutumia, kwa sababu umeme ukirudi ghafla ndiyo inayoungua. Tatizo langu na kinanda ni kile kitufe cha biti. Kikishabonyezwa, kila wimbo unakuwa na mwendo ule ule, watoto wanaifuata mashine, na mwalimu anaacha kusikiliza. Kitufe cha kuhamisha ufunguo nacho kinadanganya: mpigaji anapiga C siku zote, mashine inatoa kitu kingine, na siku umeme ukikatika hakuna ajuaye do iko wapi. Kwaya ijifunze wimbo bila kinanda hadi iweze kuuimba wote na kumaliza kwenye ufunguo ule ule ilioanza nao. Piga A mwishoni, hesabu, utajua mmeshuka kiasi gani. Kushuka nusu-sauti kwa beti tatu ni kawaida. Kushuka zaidi ya hapo maana yake pumzi ni fupi au do ilikuwa juu mno.

Kabla ya kununua chochote, fungueni makabati. Shule na parokia za zamani zina karatasi za solfa za stensili na za mkono, zilizotobolewa na mende na kulowa kila vuli. Zipigwe picha kwa simu mchana, kwenye kivuli chenye mwanga, karatasi ikiwa imelala bapa, picha moja kwa ukurasa. Fotokopi ya fotokopi ni hatari kuliko mende: nukta na mikato ya oktavo ndivyo vinavyofutika kwanza, na ndiyo maana nyimbo nyingi zinazunguka mjini zikiwa na makosa yale yale ya sauti ya tatu. Tafuta mwimbaji wa zamani, aimbe sauti yake, na mikato iliyopotea irudishwe kwa penseli. Kisha nakili upya kwenye daftari la kaunta: jina la wimbo, mtunzi, ufunguo, mwendo, sauti zote. Jina la mtunzi lisirukwe; sheria ya hakimiliki inamlinda hata akiwa mwanakwaya wa mtaa wa pili. Nakala moja ikae ofisini kwa mwalimu mkuu, ya pili parokia au usharikani, kwa sababu majengo haya yameshabadilisha mwenyewe zaidi ya mara moja.